Kuku Aliyekimbilia Chumba cha Pili

Walimu wenzangu mnaobaki na chaki, nimestaafu mwezi uliopita. Mkuu wa shule alinipa jiko la gesi na maneno mengi mazuri, mengine sikujua kama yalikuwa yangu au ya mtu aliyestaafu kabla yangu. Halafu akaniomba niwaandikie kidogo juu ya klabu ya maigizo, na zaidi juu ya wale wanafunzi wanaomaliza shule wakasema wanataka kwenda kusomea sanaa za maonyesho. Kazi hiyo sasa imemwangukia Mwalimu Neema, na Mwalimu Neema anafundisha Kemia. Pole, mwanangu.

Usidhani mimi niliipata kwa ujuzi. Siku naripoti kituo changu cha kwanza, sekondari moja upande wa Nyarugusu, Geita, nilikuwa nimevaa kitenge chenye maua makubwa kama sahani. Mkuu wa shule alikitazama, akatazama barua yangu iliyosema Kiswahili, akasema, "Wewe utafaa maigizo." Usaili wangu wote ulikuwa huo.

Aliyenikabidhi klabu alikuwa Mwalimu Bundala wa Jiografia, mtu mrefu, mkimya, asiyecheka mpaka ahakikishe kichekesho kimekwisha. Alinivutia sanduku la bati. Ndani mlikuwa na pazia lililoungwa kwa vitenge vilivyochakaa, nywele za bandia za katani, kofia ya polisi ya kadibodi, kopo la masizi la kuchorea ndevu, na tochi za kichwani za wachimbaji zilizokufa zikafufuliwa. Wazazi wengi pale walishinda ndani ya maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, na tochi zilizochoka walituletea sisi. Tulifunga madirisha ya bwalo kwa magunia, tukawavika wavulana sita tochi na kuwakalisha mbele. Kazi yao ilikuwa kumtazama anayezungumza. Taa za jukwaa zilikuwa hizo, na zilifanya kazi vizuri mpaka siku ile msichana mmoja mzuri alipopita nyuma ya jukwaa kuchukua kikapu chake. Mfalme alibaki gizani na hotuba yake.

Mwalimu Bundala ndiye aliyenifundisha namna ya kuchagua. Mwanafunzi akija kusema anataka kusomea maigizo, hakumuuliza kipaji. Alimpa ufagio. Baada ya kila onyesho, kwa muhula mzima, mtoto huyo alifagia bwalo, akakunja pazia, akahesabu tochi na kupanga viti. Nilimwambia naona kama anawatesa. Akasema, "Mwalimu, anayependa makofi ataondoka makofi yakiisha. Anayependa kazi utamkuta bado yupo na vumbi puani." Nimeutumia ufagio huo maisha yangu yote ya kazi, na Mwalimu Neema nakusihi usiuache.

Ulituokoa na Shija. Shija alikuwa na uwezo wa kulia machozi ya kweli wakati wowote, na alikuwa ameutumia kukwepa adhabu tangu kidato cha kwanza. Alipofika kidato cha nne aliamini Mungu amempa machozi hayo kwa ajili ya jukwaa. Mwalimu Bundala alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Na mwenzako akiwa analia, wewe utakuwa unafanya nini?" Shija hakuwa amelifikiria hilo. Ufagio aliushika mara mbili. Leo anatangaza kwenye gari la vipaza sauti mjini Geita, anauza magodoro na mikutano ya injili kwa sauti ileile, na tukikutana ananipigia honi. Ana furaha kuliko wengi niliowafikisha chuoni.

Wazazi nao ni somo. Wengi watakuja na sentensi moja: mtoto ana akili, kwa nini mnampeleka kwenye uhuni? Msibishane nao. Mwalikeni mzazi kwenye mazoezi, si kwenye onyesho. Akimwona mwanawe anarudia mstari uleule mara ishirini huku anakosolewa na mtoto wa jirani, atarudi nyumbani akisema kumbe ni kazi. Mama mmoja pale Nyarugusu, aliyekuwa akiuza chakula mwaloni wanakooshea dhahabu, alikaa mazoezini kutwa nzima, jioni akaniambia, "Mwalimu, hii ni ngumu kuliko ugali wa watu mia. Mchukue tu."

Baadaye nilihamishwa nikaletwa hapa kwenu, vijiji vya Shinyanga upande wa Mwakitolyo, nikapanga nyumba Ngokolo ili wanangu wakae mjini. Sanduku la bati nilikuja nalo. Mkuu wa shule ya Nyarugusu anadhani liliibwa, na naomba aendelee kudhani hivyo. Na ni hapa nilipokutana na mzazi ambaye jibu langu lote la uhuni halikumfaa kitu.

Mzee Maduhu, baba yake Kabula, alikuwa mfugaji, na zaidi ya hapo alikuwa manju, kiongozi wa wacheza ngoma. Kundi lake la ngoma lilijulikana mpaka ng'ambo ya Kahama. Kabula alikulia kwenye mbina, ngoma zetu za mashindano, kuanzia anabebwa mgongoni. Kwangu alikuwa amefagia mihula mitatu bila kuambiwa, akiimba, na siku nyingine alifagia hata madarasa ambayo hatukuyatumia. Alipomaliza kidato cha nne alitaka chuo cha sanaa kule pwani, na alama zake zilitosha. Nikaenda nyumbani kwao nikiwa na hoja zangu zote mfukoni.

"Mwangaluka, Mwalimu," mzee alinipokea, akanipa kigoda. Alinisikiliza. Kisha akasema taratibu, bila hasira, "Mwalimu, mimi sisemi ngoma ni uhuni. Ngoma imenilisha. Ninachouliza ni kimoja. Kuna kitu gani huko pwani ambacho mimi siwezi kumfundisha hapa?"

Nikamweleza habari za jukwaa, maandishi, uongozaji, mwili na sauti.

"Sauti?" akasema. "Mimi nikiwa Mwakitolyo na yeye akiwa Solwa, ananiita nasikia."

Nikabaki na kigoda changu. Mama Kabula ndiye aliyeniokoa, akisema kutoka jikoni kwamba mtoto hajawahi kuomba kitu kingine. Mzee alifikiri sana. Alikwisha kupanga Kabula aende Kahama kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, na cherehani ilikuwa imeshafutwa vumbi. Mwishowe akasema, "Mara moja. Aende akajaribiwe. Wakimkubali, ataenda, na ng'ombe atauzwa. Wakimkataa, asinitajie tena shule ya ngoma. Na mimi nitakuwepo, nione wanavyomjaribu."

Kabula alikubali kabla sijavuta pumzi. Niliogopa kwa niaba yake, kwa sababu wanaochaguliwa mara ya kwanza ni wachache, na Mzee Maduhu hakuwa mtu wa kusema neno akalirudia kulibadilisha.

Maombi tuliyajaza kwa simu yangu, tukiwa tumepanda kichuguu nyuma ya jiko la shule ambako mtandao hupatikana. Sitawachosha na hayo. Mwalimu Neema ataona mwenyewe, ila someni maelekezo yote kabla ya kubonyeza chochote, na picha iwe ya mtoto akiwa na uso wake wa kawaida. Jambo zito ni kipande cha kuigiza. Kila mtoto atakuja na malkia anayekufa kwa sumu. Mkatazeni. Mtafutieni mtu anayemjua mpaka harufu yake. Mimi na Kabula tulitunga mama mjane anayekwenda kwa mtendaji wa kijiji kushtaki karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, kwa sababu tangu ifungwe karibu na nyumba yake kuku wake hawatagi. Kabula aliigiza mjane, mtendaji, karasha yenyewe, na tetea mmoja mwenye dharau. Mpishi wa shule alicheka mpaka maharage yakaungua.

Kilichonipa shida ni ukubwa. Kabula alizoea uwanja. "Kabula, hicho ni chumba," nilimwambia kila siku. "Watu watatu, meza moja."

"Nimeelewa, mwalimu," alijibu, na ng'ombe wa jirani walikuwa wakigeuza shingo.

Usaili wa kanda yetu ulifanyika Mwanza, katika shule moja iliyokuwa imefunga. Vyumba viwili vya madarasa vilivyopakana, majopo mawili, na vijana wamejaa barazani wakisema peke yao mbele ya ukuta. Mzee Maduhu alivaa koti na kofia, akakaa kwenye benchi karibu nami, fimbo katikati ya magoti. Joto lilikuwa kali, kwa hiyo milango yote miwili ilikuwa wazi na tuliona vizuri. Kabula aliitwa chumba cha kwanza. Mwenyekiti wa jopo alikuwa bwana mwenye miwani, na pembeni yake kijana mmoja mwandishi na mama mmoja mnene mwenye kilemba.

Alianza vizuri, kwa sauti ya chumbani hasa, mpaka nikajipongeza. Ndipo chumba cha pili kijana mmoja wa mjini alipoanza zamu yake, na huyo kijana alikuja na ngoma.

Kwa wale wenzangu ambao si wa huku, lazima nieleze. Kwenye mbina makundi hayapokezani. Yanawekwa mawili kwenye uwanja mmoja, yanaanza kwa pamoja, na watazamaji wapo huru katikati. Wanakwenda kunakowavuta. Mwisho kundi lenye watu wengi ndilo limeshinda, na lingine linabaki na wapiga ngoma wake na wake zao. Ndiyo maana manju wetu wamebeba nyoka, wamepanda nguzo, wamefukia mtu nusu, lolote lile ili watu wahame. Mtoto aliyelelewa hivyo, akisikia ngoma ya mwenzake inalia wakati yeye anacheza, anaelewa jambo moja tu.

Niliona bega la Kabula likishtuka. Sauti ikapanda. Ngoma ya jirani nayo ikapanda, na vijana wawili barazani wakasogea kwenda kuchungulia chumba cha pili. Kabula akawaona. Hapo mjane akainua mikono, akapiga yowe, "Mtendaji, huyo! Anakimbia!" na akatoka mlangoni mbio, ameinama, anamfukuza kuku ambaye hayupo.

Alimfukuza baraza nzima. Alimfukuza miguuni mwa watu, wakaruka. Mzee mmoja mlinzi alikunja miguu yake kabisa. Kisha kuku, kwa akili zake mwenyewe, akaingia chumba cha pili, na Kabula akaingia nyuma yake. Sikuona kilichotokea mle ndani. Nilisikia ngoma ikinyamaza na meza ikikwaruza sakafu, sauti ya mwanamume mzima ikisema, "Yupo huku, huku chini!" na kicheko. Kisha Kabula akatoka, kwapani amembana kuku, nyuma yake vijana wote wa barazani, kijana wa ngoma na ngoma yake, na jopo zima la chumba cha pili, mmoja wao ameshika kalamu hewani. Wote wakaingia chumba cha kwanza wakajipanga ukutani.

Mzee Maduhu alijipiga paja. "Amewabeba," akasema. "Mwalimu, umeona? Amewabeba wote."

Mimi nilikuwa nimekwisha kufa kwenye benchi. Mwenyekiti alivua miwani.

"Nani kakuruhusu kutoka nje ya chumba?" aliuliza.

"Watu walikuwa wanaenda kule," Kabula alijibu, bado anahema.

"Unajua umeharibu usaili wa mwenzako? Kwa jambo kama hili mtu anaondolewa."

Kabula alitazama kijana wa ngoma kama ndiyo kwanza amemwona ni mtu. Uso ukamporomoka. Nadhani ni hapo alipoelewa alikuwa wapi, na nani hasa alikuwa amekaa nyuma ya meza, na nini kilikuwa kinamponyoka. Aliomba samahani kwa sauti ndogo. Mwenyekiti akamgeukia kijana, akamuuliza kama ana malalamiko.

Kijana akajikuna shingo. "Mimi niliacha mwenyewe," akasema. "Ila nilitaka kujua kama wale kuku walitaga."

Watu wakacheka, mwenyekiti hakucheka. Mama wa kilemba alimnong'oneza kitu kirefu. Akasikiliza, akavaa miwani yake, akaagiza wote watoke na kijana wa mjini akapewe zamu yake upya. Kisha akamwambia Kabula, "Utaanza tena. Mlango utafungwa. Watazamaji ni sisi watatu, huna mwingine wa kumtafuta. Kama ni mtu wa kupigia watu kelele tu, tutajua."

Mlango ukafungwa. Mzee Maduhu aliketi akisubiri kusikia. Tulisikia ngoma ya jirani ikianza tena, tukasikia mfagiaji, tukasikia pikipiki barabarani. Kutoka chumba cha kwanza, hakuna. Nilimfahamu Kabula miaka minne na sikuwahi kuwa naye jirani nisimsikie.

"Mbona kimya?" mzee aliuliza.

"Anafanya kwa sauti ndogo, Baba Kabula."

"Amezimika," alisema. Mikono yake ilikuwa imeikaba fimbo. "Wamemzima mtoto. Yaya, hapana Mwalimu, hii si haki." Akaniumiza moyo, maana nami nilidhani hivyohivyo.

Akainuka. Alikwenda upande wa pili wa jengo, kwenye dirisha la nondo lisilo na kioo, na mimi nikamfuata nikijua hairuhusiwi. Kabula alikuwa amekaa kwenye kiti kimoja, mbele ya meza yao. Mkono wake mmoja ulikuwa umembana kuku yuleyule kwapani, na mwingine unampapasa mgongoni, taratibu, kuelekea mkiani. Hakumwigiza mtendaji tena wala karasha. Mjane alikuwa akisema peke yake, na tulilazimika kuacha kupumua ili tusikie.

"Si mayai, Mtendaji," alisema. Mstari huo hatukuuandika. "Mayai nitanunua dukani. Asubuhi nilikuwa nawasikia kuku wakiamka, nawajibu. Tangu baba watoto afariki nimekuwa nikiongea na hawa. Sasa mashine inaongea, nao wananiangalia tu."

Akamtazama kuku. Alimtazama muda mrefu hivi kwamba mimi, niliyeshiriki kumtunga yule mjane ili watu wacheke, nilijikuta nalia kwenye nondo za dirisha la watu. Mama wa kilemba alikuwa ameiweka kalamu chini. Mwenyekiti hakuandika chochote. Kijana mwandishi alikuwa anatazama kwapa la Kabula, na naapa alikuwa anamwona kuku.

Mzee Maduhu hakulia. Alishika nondo kwa mikono miwili, fimbo imeanguka na hakuiokota, na aliendelea kutazama hata baada ya Kabula kusimama na kushukuru.

Majina yalitoka wiki kadhaa baadaye na la Kabula lilikuwemo, na kuna siku mtamwona jukwaani mkiwa na bahati. Lakini jambo lake lilikuwa limeshaamuliwa siku ileile, tukiwa stendi ya Mwanza tunangoja basi la Shinyanga, majibu bado hatuyajui. Kabula alikuwa amejikunyata juu ya begi, anasubiri cherehani. Baba yake alimnunulia soda, akaja kukaa karibu nami.

"Mwalimu," akasema, "huwa wanajaribu kila mwaka?"

"Kila mwaka, Baba Kabula."

"Mwakani nao watakuja hapa?"

Nikasema sijui, lakini kwa kawaida huja. Nikamkumbusha, kwa woga, kwamba alisema mara moja.

"Nilisema," alijibu. Alimtazama binti yake. "Kile cha kuwahamisha watu, kile ni changu, nimemfundisha mimi. Kile alichokifanya mlango ulipofungwa mimi sikijui, na kwangu hakipo. Wakimkataa, nitamrudisha mwenyewe mpaka wamfundishe."